Kuacha, Kupunguza, Kukabidhi au Kusimamisha: Njia Nne za Kujitoa Kwenye Mambo Mengi

Methali ya mshika mawili kila mtu anaijua. Inatuonya kwamba moja litaponyoka, ila haituambii lipi tuliachie wenyewe mapema. Na mtu wa mjini siku hizi hashiki mawili. Ana ajira, ana kikoba cha kuweka na kukopeshana, ana banda la kuku wa nyama nyuma ya nyumba au mzigo wa vitenge anaowauzia wenzake ofisini. Yuko kwenye kamati ya harusi ya binamu, ni mweka hazina wa jumuiya, ni mwakilishi wa wazazi wa darasa la tatu, na jioni anasoma. Ukimuuliza habari za siku nyingi anajibu "nimebanwa", kwa sauti ambayo hujui kama analalamika au anajisifu.

Makala haya ni ya yule aliyekwisha kubali kwamba kuna vitu lazima viondoke, ila hajui aviondoe vipi. Njia ziko nne: kuacha kabisa, kupunguza kiwango, kumkabidhi mwingine, na kusimamisha kwa muda. Watu huzichanganya. Anayehitaji kuacha anaomba likizo, anayehitaji likizo anajiuzulu kwa hasira, na baada ya mwezi wote wawili wako palepale.

Kuna sababu tunakwama hapa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature majaribio kuhusu namna watu wanavyorekebisha vitu. Katika mojawapo walitumia vipande vya Lego: kijengo kidogo chenye paa lililoegemea kipande kimoja tu kwenye kona. Mshiriki aliambiwa akiimarishe ili paa libebe tofali. Kila kipande atakachoongeza kingemkata senti kumi kwenye malipo yake. Dawa rahisi ilikuwa kukitoa kile kipande cha kona, paa likashuka na kukaa juu ya sehemu pana iliyokuwa chini yake, bila kukatwa chochote. Wengi waliongeza vipande. Walipoambiwa waziwazi kwamba kuondoa ni bure, walioondoa wakawa wengi zaidi.

Ndivyo tunavyofanya na ratiba. Tukibanwa tunaongeza: programu ya kupanga siku kwenye simu, bodaboda badala ya daladala, kuamka saa kumi alfajiri. Ila huku kwetu kuondoa si bure. Ukijitoa kikundini kuna hela inabaki huko, na ukikosekana kwenye msiba wa jirani kuna jicho utakutana nalo siku ya msiba wako. Kwa hiyo inabidi kupima njia ipi inagharimu nini.

Vigezo

Njia zote nitazipima kwa maswali manne. La kwanza, muda unarudi lini, na unarudi ukiwa na umbo gani? Jioni nzima ya Jumamosi si sawa na dakika kumi kumi zilizotawanyika, hata kama jumla inalingana. La pili, unalipa nini, kwa hela na kwa heshima? La tatu, mzigo unaoutua unaokotwa na nani? Hili husahaulika, na ndilo linaloamua kama utaachwa kwa amani. La nne, ukibadili mawazo, mlango uko wazi?

Umuhimu wa jambo lenyewe sijauweka kwenye vigezo. Huo ni wako, na hakuna makala itakayokuambia kwamba kwaya ni bora kuliko kuku. Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: kama usingekuwemo, halafu leo ukaalikwa kwa mara ya kwanza, ungekubali?

Kuacha kabisa

*Muda.* Njia hii ndiyo inayorudisha muda mwingi, na unarudi mzima. Siku ya kikao inatoka kwenye kalenda pamoja na maandalizi yake na simu za kuwafuatilia wanaodaiwa. Lakini haurudi siku unayotangaza. Mambo mengi ya kwetu huenda kwa mizunguko, na kuyaacha katikati ya mzunguko ni ghali kuliko kuyamaliza.

*Gharama.* Chukua kikoba. Mwanachama ananunua hisa kila wiki, anakopa kwa kuzingatia hisa zake (vikundi vingi huruhusu hadi mara tatu), na wenzake wachache wanamdhamini. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa wengi ni mwaka, kikoba kinavunjwa na kila mtu anaondoka na hisa zake pamoja na faida. Sasa, anayejitoa mwezi wa saba hukuta mambo matatu yanamsubiri. Mkopo wake unatakiwa kulipwa kwanza. Katiba ya kikundi inaweza kusema atarudishiwa hisa bila faida, au akatwe. Na kama amemdhamini mtu, jina lake limefungwa na deni la yule mtu mpaka liishe. Hili la tatu ndilo linalowashangaza wengi, maana udhamini ulisainiwa juujuu siku moja huku watu wakigawana soda.

Kwa hiyo dai katiba uisome. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii Tanzania vinatambuliwa kama daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi kilichosajiliwa hakikosi katiba. Tafuta kifungu cha kujitoa. Mara nyingi utaona kwamba kuvumilia hadi siku ya kuvunja ni nafuu. Wakati huo unaosubiri unafanya mambo mawili tu: hukopi tena, na humdhamini mtu.

Kuku wa nyama nao wana hesabu ileile kwa muda mfupi zaidi. Kundi moja hukaa bandani wiki tano au sita. Wiki za kwanza ndizo zinazokula usingizi: bruda (sehemu ya kuwapasha vifaranga joto) lisipoe, maji yabadilishwe, chanjo ya Gumboro na ya kideri isipitwe na siku yake, maranda yaliyolowana yatolewe kabla harufu haijapanda. Kuacha katikati hakuna maana, kuku wanakula pumba na wewe unakula hasara. Unaacha kwa kutotuma oda nyingine ya vifaranga. Ni tendo la kutofanya kitu, na ndiyo maana linashinda watu: wakala anapiga simu, anasema vifaranga vipo Alhamisi, na mdomo unajibu wenyewe.

*Mzigo.* Kwenye biashara yako hakuna anayeuokota, unaisha na wewe. Kwenye kikundi wanabaki wachache wanaokopeshana kidogo zaidi. Si balaa, ila watajua.

*Mlango.* Hutegemea ulivyotoka. Aliyetoka siku ya kuvunja, akashukuru na kula wali na wenzake, anaweza kurudi mwakani. Aliyeleft grupu usiku wa manane baada ya kubishana na katibu, arudipo hukuta ajenda ya kumjadili.

Inamfaa mwenye jambo lenye mwisho unaojulikana, na ambaye jibu la kile kipimo cha kualikwa upya ni hapana bila kusitasita.

Kupunguza kiwango

Hii ndiyo njia inayopuuzwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa mambo ya undugu na ujirani, ambayo hayaachiki.

*Muda.* Angalia kamati ya harusi. Kikao kinatangazwa saa kumi jioni, watu wanafika saa kumi na mbili, na ajenda ya kwanza ni kusoma yatokanayo na kikao kilichopita kwa wale ambao hawakuwepo, ambao ndio wengi. Inafuata ripoti ya mweka hazina, yaani majina ya waliotoa, walioahidi na waliopunguza ahadi. Halafu mjadala wa ukumbi. Halafu mtu anaufungua upya mjadala wa kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili uliofungwa wiki iliyopita. Ukitoka ni saa tatu usiku na foleni. Hili hujirudia Jumapili kwa Jumapili hadi siku yenyewe, na baada yake kuna kikao cha kuvunja kamati, ambacho kusema kweli ndicho pekee kisichochosha.

Sasa tenganisha vitu viwili: mchango na kiti. Harusi inahitaji mchango wako. Kiti chako kwenye kikao mara nyingi hakihitajiki, kipo kwa sababu uliitwa. Ukibaki na mchango na kazi moja ya kuonekana, kama kuchukua keki au kuwapokea wageni wa kutoka mkoani, unapata Jumapili zako zote na bado uko ndani ya harusi.

*Gharama.* Hela haipungui; pengine inapanda, maana anayekosa vikao hutarajiwa kutoa kidogo zaidi ili kutokuwepo kwake kusameheke. Heshima inalindwa kama umesema mapema na umetaja unachofanya kabla ya usichofanya. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shemeji, kadi nimeipata, nimefurahi sana kwa ajili ya Neema. Mchango wangu nitautuma kabla ya tarehe 15. Vikaoni naomba mnisamehe, Jumapili zimenibana. Ila keki niachieni mimi, nitaifuata na kuifikisha ukumbini."

Hakuna uongo wa safari wala wa kuumwa. Uongo wa safari una ubaya wake: inabidi uache kuposti, na kuna shangazi atakayekuona sokoni.

*Mzigo.* Hauhami. Kamati ya watu thelathini haimkosi mmoja kwenye kusikiliza yatokanayo.

*Mlango.* Uko wazi wakati wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Uliyepunguza utaombwa kuongeza. "Dada, leo tu, mwenyekiti amesafiri." Ukienda leo tu, umerudi.

Inamfaa mwenye mambo yanayombana kwa damu, kwa ujirani au kwa imani, na anayeweza kurudia jibu lilelile mara mbili tatu bila kukasirika wala kueleza upya.

Kumkabidhi mwingine

*Muda.* Mwanzoni unapungua. Hili lisemwe wazi, maana wengi huanza kukabidhi wakiwa wameshachoka kabisa, wanakutana na wiki za kufanya kazi mara mbili (kufanya na kufundisha) wanaghairi. Muda hurudi baadaye, na hurudi vipande vipande: simu ambayo haikuita, risiti ambayo hukuulizwa.

*Gharama.* Hela ni ndogo, au ni mshahara wa kijana atakayekaa dukani. Gharama yenyewe ni kukubali kwamba mambo yatafanywa si kama unavyoyafanya wewe. Mweka hazina anayekabidhi daftari halafu akaendelea kulipitia kila Jumamosi hajakabidhi kitu. Pale penye fedha za watu, makabidhiano yafanyike mbele ya wanachama. Sanduku linafunguliwa kwa funguo zote, hela inahesabiwa kwa sauti, daftari linalinganishwa, muhtasari unasainiwa, na wenye saini benki wanabadilishwa. Vikundi vingi hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa na mtu wake. Huo utaratibu ulikuja na mtindo wa vikundi hivi kutoka Niger, ulikoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Una faida nyingine ambayo haitajwi: unamlinda anayetoka. Miezi sita baadaye hela ikipungua, hakuna atakayetaja jina lako.

*Mzigo.* Hapa ndipo pa kusimama. Mzigo unaokabidhiwa una mtu chini yake. Kikundini unaweza kuwa umempa kijana nafasi aliyokuwa akiitamani. Nyumbani, mara nyingi "nimekabidhi" maana yake ni kwamba mke ndiye anayefuata watoto shule, au binti mkubwa ndiye anayeamka kuwasha mkaa wa bruda, au dada wa kazi kaongezewa banda juu ya nguo na vyombo kwa mshahara uleule. Baba kapumzika, nyumba haijapumzika. Kabla ya kukabidhi nyumbani, jiulize yule anayepokea anaondoa nini ili apate nafasi. Kama jibu ni hakuna, basi kitu kiachwe, kisihamishwe.

*Mlango.* Nusu. Unaweza kurudi kama mshauri, lakini kumnyang'anya mtu kazi aliyoizoea huacha kinyongo.

Inamfaa mwenye jambo ambalo lazima liendelee na ambaye ana mtu anayelitaka kwa hiari yake.

Kusimamisha kwa muda

*Muda.* Unarudi mara moja na wote, kwa kipindi. Uzuri wake ni kwamba kalenda yetu tayari ina vipindi hivyo. Ramadhani inapoingia, sherehe za harusi pwani hutulia hadi baada ya Idi. Kwaresima nayo kwa Wakatoliki si wakati wa shamrashamra za ndoa. Mtu anayesema "nasimama mpaka baada ya Pasaka" haonekani mkaidi. Na kinachomshangaza ni kwamba wiki kadhaa bila kikao zinamwonyesha ni vikao vipi anavitamani na ni vikao vipi amevisahau kabisa.

*Gharama.* Heshima ni salama kuliko njia zote. Hela ndiyo ya kuangalia: kikoba hakisimami, marejesho yanaendelea na faini ya kuchelewa iko palepale. Chuo ni tofauti. Vyuo vingi vinaruhusu kuahirisha masomo kwa maombi ya maandishi kabla ya tarehe fulani, na ukiipita tarehe hiyo unahesabiwa kama uliyetoroka. Barua ya ukurasa mmoja inaweza kukuokolea ada ya muhula.

*Mzigo.* Wenzako wanakushikia, na watakushikia kwa moyo kama wanajua mwisho ni lini.

*Mlango.* Uko wazi mno. Kusimama bila tarehe ya kurudi huwa ni kuacha kwa woga, na kusimama kwenye kila kitu kwa pamoja husababisha kila kitu kurudi kwa pamoja. Andika tarehe, na tarehe hiyo ikifika chagua upya kati ya njia tatu zilizotangulia.

Inamfaa aliyechoka kiasi kwamba hawezi kuamua vizuri, mzazi mwenye mtoto mchanga, anayeuguza, na anayekaribia mitihani.

Kuna njia ya tano ambayo siihesabu: kunyamazisha grupu na kuendelea kuwemo. Arifa hazilii lakini ahadi ziko hai, deni la mchango linakua, na kila ukifungua simu unaona namba nyekundu ya ujumbe mia mbili usiousoma. Huko ni kubanwa bila hata faida ya kuwa na watu.

Kwa hali yako

Kama kinachokubana ni ajira yenyewe, anza huko kabla ya kuacha kwaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Wapo wanaoacha kila kitu cha jioni ili kuzipata saa ambazo mwajiri anazichukua bila kulipa. Hapo kupunguza ndiyo njia: taja kazi mbili zilizo mezani, muulize bosi ipi isubiri, na uombe jibu kwa maandishi.

Kama ni biashara ya pembeni, kwanza toa hesabu ukiweka na muda wako ndani. Ikiwa faida inatoka kwa sababu tu hujajilipa, acha mwisho wa kundi au mzigo uliopo. Ikiwa inalipa ada za watoto, usiiguse. Kabidhi kwa mshahara halali.

Kama ni uongozi wa kikundi, jumuiya au darasa, kabidhi, na taja mrithi kabla ya kutaja kuondoka. Uchaguzi ukikaribia, subiri uchaguzi. Kutogombea ni rahisi kuliko kujiuzulu.

Kama ni mambo ya ndugu, harusi na misiba, punguza. Kwa misiba ningeongeza kwamba kwenda mazikoni na kulala matanga ni vitu viwili, na wazee wenyewe wanalijua hilo kuliko vijana. Ukiweza kimoja, nenda mazikoni.

Kama vyote vinakubana kwa pamoja na huwezi hata kupanga, simamisha viwili ambavyo havina deni la fedha, kwa tarehe, na usiguse vingine hadi usingizi urudi.

Na kama ombi jipya limekuja leo na bado hujajibu, huhitaji njia yoyote kati ya hizi. Jibu kabla ya kesho jioni. Ukimya wa siku tatu kwenye grupu la kamati huhesabiwa kuwa ndiyo, na siku ya nne utalikuta jina lako kwenye orodha ya kamati ndogo ya vinywaji, ukiwa mwenyekiti.